Mabaka ya mviringo wiki ya 6 ya terbinafini: fangasi wameenea au ni dawa yenyewe?

Tabibu wa Kituo

Habari za kazi wakuu. Naomba mawazo ya wanaoifahamu ngozi vizuri.

Mama wa miaka 38, kilo 60, alianzishiwa terbinafini miligramu 250 mara moja kwa siku kwa ajili ya fangasi wa kucha za miguu. Kucha zilikwanguliwa, kipimo cha KOH (kemikali inayolainisha kucha ili fangasi waonekane kwa hadubini) kikaonyesha nyuzi za fangasi, ALT (kipimo cha ini) ilikuwa ya kawaida. Mpango ulikuwa wiki 12. Wiki ya 6 amerudi na mabaka kama pete: juu ya kifua, mgongoni juu na upande wa nje wa mikono yote miwili. Ukingo umeinuka kidogo, una magamba membamba, katikati pamepauka. Hayawashi sana. Uso uko safi. Hana homa, mdomo na macho viko salama.

Duka la dawa mtaani walimwambia choa kimeenea, wakampa tyubu ya mchanganyiko yenye klobetaso (steroidi kali), dawa ya fangasi na antibiotiki, wakamsisitizia asiache vidonge. Amepaka wiki 2. Mabaka yalififia siku chache, kisha mapya yakatokea pembeni. Dawa nyingine anazotumia ni haidroklorothiazidi miligramu 25 kwa ajili ya presha, mwaka wa 3 sasa, na omeprazo kiungulia kikimzidi.

Je, aendelee na terbinafini huku tukibadilisha ya kupaka? Nimhamishie griseofulvini, dawa nyingine ya fangasi? Au ni mzio wa dawa? Naomba pia mnisaidie vipimo gani vina maana, maana vingine vinagharimu na mama huyu analipa mfukoni.

---

Bingwa Ngozi

Tabibu, simamisha terbinafini leo. Usingoje majibu ya maabara, na usimpe griseofulvini. Nitaeleza kwa nini.

Choa cha mwilini hutibiwa kwa terbinafini hiyohiyo, miligramu 250 kwa siku, kwa wiki 2 hadi 4. Huyu amemeza wiki 6. Choa kipya kikichipuka katikati ya dozi hiyo, tena kushoto na kulia kwa mpigo, ni lazima ushuku kitu kingine. Kweli, kuna fangasi sugu kwa terbinafini, Trichophyton indotineae, aliyeanzia huko India na sasa anaonekana nchi nyingi. Lakini huyo anawasha kupita kiasi na hupenda kinena, makalio na mapaja. Siyo picha uliyoieleza.

Picha yako ni ya lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe) ya ngozi, aina ya kati: siyo ile ya ghafla inayokaa mashavuni, wala ile sugu inayoacha makovu. Ilielezwa kwa mara ya kwanza kama aina inayojitegemea mwaka 1979. Mwaka 1985 ikaonekana kwamba dawa inaweza kuiamsha, na dawa ya kwanza kushikwa ilikuwa haidroklorothiazidi, ambayo mgonjwa wako anaitumia. Baadaye orodha ikarefuka: terbinafini, griseofulvini, omeprazo na ndugu zake, diltiazemu, nifedipini, na dawa za kuzuia TNF (protini inayochochea uvimbe mwilini). Utafiti wa Sweden uliochapishwa 2012, uliochunguza wagonjwa 234 wa lupasi ya aina hii, ulikuta terbinafini ndiyo iliyokuwa na uhusiano mkubwa kuliko dawa nyingine zote zilizoangaliwa. Sasa unaona kwa nini griseofulvini siyo mbadala: nayo imo kwenye orodha, na mtu mwenye lupasi hapaswi kupewa kabisa.

Jinsi ya kumtazama. Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu. Kwa ngozi nyeusi wekundu usiusubiri. Utaona zambarau iliyokolea, kahawia nzito au kijivu kwenye ukingo, na katikati rangi imepungua. Msimamishe karibu na dirisha, aondoe nguo za juu, kisha tafuta sehemu zilizonusurika kwa sababu ya kivuli: chini ya kidevu, nyuma ya masikio, chini ya mkanda wa sidiria, kwapani, upande wa ndani wa mikono. Sehemu hizo zikiwa safi ilhali kifua kilicho wazi na mgongo wa juu vimejaa, ramani hiyo imechorwa na jua. Fangasi hawachagui hivyo; wao hupenda joto na jasho, yaani hukohuko kwapani na chini ya matiti. Kwa anayevaa baibui au hijabu ramani hubadilika, tazama mikono na shingo. Kwa dereva wa huku kwetu, ambako usukani uko kulia, mkono wa kulia huathirika zaidi kwa sababu miale ya UVA hupita kwenye kioo.

Na uso kuwa safi hakuondoi lupasi. Aina hii kwa kawaida huacha katikati ya uso.

Kinachotokea ndani ni hiki. Mgonjwa huwa na kingamwili dhidi ya protini iitwayo Ro, mara nyingi bila kujua, au huzitengeneza dawa ikiwa mwilini. Jua likipiga ngozi, Ro hutoka ndani ya seli na kujitokeza juu ya uso wake. Kingamwili huikamata, na seli za tabaka la chini la ngozi ya juu huanza kufa. Terbinafini hupenda mafuta, hivyo hujikusanya kwenye ngozi, kucha na mafuta ya mwili. Ndiyo faida yake kwa kucha, na ndiyo shida yake hapa: baada ya matumizi ya muda mrefu hubaki kwenye damu wiki 4 hadi 8 tangu kidonge cha mwisho. Kwa hiyo mwambie mapema kwamba mabaka mapya yanaweza kutokea wiki 2 au 3 baada ya kuacha. Asipoambiwa atadhani kuacha hakukusaidia, atarudi dukani kununua tyubu nyingine.

Muda nao unalingana. Kwa terbinafini, upele huu huanza zaidi kati ya wiki ya 4 na ya 8.

Hiyo tyubu ya mchanganyiko aiache. Klobetaso iliyomo ndiyo iliyofifisha mabaka, siyo dawa ya fangasi, na mama na muuzaji wote wawili wakasoma kinyume.

---

Maabara Moja

Naongezea upande wa vipimo, nikianza na vya bei nafuu.

Kwangua ukingo wa baka, siyo katikati, kwa upande butu wa wembe wa upasuaji. KOH asilimia 10, subiri dakika chache, tazama. Ikiwa chanya, basi kuna fangasi hata kama kuna lupasi pia. Viwili vinaweza kukaa pamoja. Ikiwa hasi, kumbuka amepaka dawa ya fangasi wiki 2 na anameza nyingine, hivyo hasi hiyo ina nguvu ndogo. Rudia baada ya wiki 1 bila krimu.

Kipande cha pamba: gusa katikati ya kila baka mama akiwa amefumba macho. Baka la pete lisilohisi mguso ni ukoma hadi uthibitike vinginevyo. Hugharimu pamba tu, na kwetu halipaswi kurukwa.

Kaswende ya hatua ya pili nayo hutoa pete. Pima VDRL au RPR, lakini ikija chanya usikimbilie sindano: lupasi yenyewe inaweza kutoa chanya ya uongo. Thibitisha kwa TPHA, kipimo mahususi zaidi cha kaswende. Na HIV kama hajapima karibuni.

Baada ya hapo, mkojo kwa kijiti (protini na damu), kreatinini, picha kamili ya damu, ALT. Hivi vinajibu swali kubwa kuliko jina la upele: je, lupasi imeishia kwenye ngozi au imegusa figo na damu? Picha ya damu ina kazi mbili, maana terbinafini yenyewe inaweza kushusha chembe nyeupe.

Akiwa na fedha ya kipimo kimoja tu cha kingamwili, mpimie Ro, ambayo maabara nyingi huiandika SSA. Huwa chanya kwa wengi wenye lupasi hii, iwe ya dawa au isiyo ya dawa. ANA (kipimo cha jumla cha kingamwili za lupasi) peke yake inaweza kupotosha: baadhi ya wenye Ro huonekana hasi kwenye ANA. Kingamwili za histoni, ambazo wengi tulifundishwa kuwa ndiyo alama ya lupasi ya dawa, ni za ile aina ya viungo na kifua inayoletwa na dawa kama haidralazini na isoniazidi. Hapa zinaweza kuwepo au zisiwepo, usizitegemee.

Kipande cha ngozi, kama kuna mahali pa kukipeleka: toboa milimita 4 kwenye ukingo hai. Kimoja kiingie formalini asilimia 10. Kikihitajika cha pili kwa ajili ya kutazama kingamwili ndani ya ngozi, hicho kiwekwe kwenye maji ya chumvi ya kawaida na kifike ndani ya saa 24, au kwenye kimiminika maalumu cha kusafirishia. Ukikitia kwenye formalini kimeshaharibika, na kosa hili ni la kila wiki. Andika kwenye fomu dawa zote anazotumia na wiki alizoanza. Hadubini itasema ni lupasi. Haiwezi kusema imeletwa na dawa. Hilo linaamuliwa na tarehe mlizoandika ninyi.

---

Tabibu wa Kituo

Asanteni sana. Nimemwita leo. Pamba anahisi kila mahali, mkojo ni safi. Chini ya kidevu na chini ya mikanda ya sidiria ngozi ni safi kabisa, mpaka unaonekana kama umepigwa rula. Terbinafini nimeisimamisha. Ro imetumwa mkoani.

Sasa nina mambo matatu. Haidroklorothiazidi niisimamishe pia? Nimtibu kwa nini? Na kucha zake tunazifanyaje, maana ndizo zilizomleta na bado zinamuuma akivaa viatu.

---

Mfamasia wa Zamu

Kuhusu haidroklorothiazidi, mimi ningeiacha kwanza. Ametumia miaka 3 bila tatizo, na ukiondoa dawa mbili siku moja hutajua mkosaji ni nani. Mtu huyu atahitaji kujua maisha yake yote ni dawa gani asiiguse. Ngoja wiki 8 hadi 12 baada ya kuacha terbinafini. Mabaka yakigoma, ndipo ubadilishe ya presha.

Omeprazo ni rahisi zaidi: anaimeza mara mojamoja, aiache, atumie dawa ya kutafuna ya kupunguza asidi.

Kucha: usiwe na haraka. Terbinafini iliyokwisha kuingia kwenye kucha itaendelea kukaa humo miezi kadhaa, hivyo wiki 6 alizomeza hazikupotea. Chukua tupa ya kucha, chora mfereji mwembamba kwenye mpaka wa sehemu nzima na sehemu iliyoharibika, kisha mwone kila mwezi. Kucha ya kidole gumba cha mguu hukua takribani milimita 1 hadi 2 kwa mwezi. Mfereji ukisogea mbele na nyuma yake kucha ikatoka safi, dawa bado inafanya kazi. Ugonjwa ukivuka mfereji kurudi nyuma, imeshindwa. Kwa maumivu ya viatu, paka urea asilimia 40 juu ya kucha nene, funika kwa plasta usiku, asubuhi ikwanguliwe. Hupunguza unene bila kumeza chochote.

Ngozi ikishatulia kabisa, kama kucha bado zina fangasi, chaguo la kwanza kwangu ni ya kupaka: amorolfini asilimia 5 mara 1 au 2 kwa wiki kwa miezi 9 hadi 12, baada ya kupunguza unene kwa tupa. Ikilazimu ya kumeza, nenda kwenye kundi lingine. Itrakonazo miligramu 200 asubuhi na 200 jioni kwa wiki 1, pumziko wiki 3, mizunguko 3. Vidonge vyake vya kapsuli vinahitaji asidi ya tumbo, kwa hiyo vimezwe pamoja na mlo kamili, kamwe siyo pamoja na omeprazo. Hapo dawa haifyonzwi vya kutosha na umemrudishia mshukiwa wa lupasi mlangoni. Mwenye moyo kushindwa asipewe, na anayetumia simvastatini asichanganye. Flukonazo miligramu 150 mara 1 kwa wiki ni rahisi kupatikana lakini ni safari ya miezi 6 hadi 12. Kwenye flukonazo angalia doa jeusi la duara linalorudi palepale kila baada ya dozi, mara nyingi mdomoni au sehemu za siri. Hilo ni tatizo jingine, nalo linataka dawa iachwe.

Terbinafini ya kupaka pia asipewe. Kuna njia nyingine nyingi, hakuna sababu ya kujaribu.

---

Bingwa Ngozi

Mfamasia, nakubaliana nawe karibu yote, isipokuwa haidroklorothiazidi. Miaka 3 ya amani haiitoi hatiani. Lupasi ya dawa za presha inaweza kuchelewa miezi hata miaka, na dawa hiyo yenyewe huifanya ngozi ishikwe na jua kwa urahisi hata kwa mtu asiye na lupasi. Mgonjwa ana mabaka yanayochochewa na jua. Kumwachia dawa inayomfungulia jua mlango ili sisi tupate jibu safi ni kumtoza gharama isiyo yake. Ushahidi wa terbinafini kwa tarehe unatosha. Ila tuko pamoja kwenye jambo moja: tabibu, usimwambie tu aache ya presha aende nyumbani. Zungumza na aliyeiandika, ibadilishwe siku hiyohiyo kwa kundi lingine, na presha ipimwe tena ndani ya wiki 2.

Matibabu ya ngozi. Kwa mwili, betamethasoni valerati asilimia 0.1 mara 2 kwa siku kwa wiki 2 hadi 3, kisha mara 1, kisha aache. Kipimo ni mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo cha kwanza. Hiyo ni nusu gramu, inatosha eneo la viganja 2 pamoja na vidole. Apake kwenye baka tu. Usoni, kama litatokea, haidrokotizoni asilimia 1. Mwelekeze kwa jina la dawa na umwandikie, maana akienda na neno "krimu ya mabaka" ataondoka na mchanganyiko uleule, au na krimu ya kung'arisha yenye klobetaso ndani.

Jua. Nguo kwanza: mikono mirefu ya kitambaa kizito, kitenge au mtandio unaofunika kifua, kofia pana au mwavuli. Mafuta ya kukinga jua ya SPF 50 ni ya sehemu zilizobaki wazi: kijiko 1 cha chai kwa uso na shingo, kijiko 1 kwa kila mkono, yarudiwe kila saa 2 akiwa nje. Watu wengi hupaka robo ya kiasi hicho halafu wanasema hayafanyi kazi.

Wengi husafika ndani ya wiki 4 hadi 12 tangu kuacha dawa. Ikifika wiki ya 6 na bado yanaongezeka, au yameenea sana tangu mwanzo, ongeza haidroksiklorokwini (dawa ya kumeza ya kutuliza lupasi), isizidi miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku. Kwa kilo 60 ni miligramu 300, yaani kidonge 1 cha miligramu 200 siku moja na vidonge 2 siku inayofuata. Macho yachunguzwe mwanzoni. Asibadilishiwe klorokwini ya zamani aliyoikuta kabatini kwa jirani. Siyo dawa ileile kwa macho. Matokeo yake huchukua wiki 6 na kuendelea. Prednisoloni ya kumeza iwe ya wachache, kozi fupi, na kwa ushauri wa kliniki ya ngozi. Kwa kanda ya kaskazini, hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda, na kipande cha ngozi kinaweza kusomwa huko.

Mabaka yakitulia yataacha madoa yaliyopauka. Siyo makovu, siyo ukoma, siyo fangasi wapya. Rangi hurudi kwa miezi. Mwambie sasa, kabla jirani hajamwambia vingine.

Na hizi ni za kumpeleka hospitali usiku huohuo, siyo kusubiri kliniki: ngozi inauma kuliko kuwasha, malengelenge au ngozi kuchubuka ukiisugua, vidonda mdomoni, macho mekundu, homa, uso kuvimba, macho ya njano au mkojo wa rangi ya kola. Terbinafini inaweza kuleta pia mchubuko mkali wa ngozi, upele wa vijipu vidogo vya usaha, na ini kuharibika. Hayo hayafanani na pete hizi na hayangoji.

---

Tabibu wa Kituo

Nimeelewa. Ya presha imebadilishwa. Ro imerudi: chanya, kiwango cha juu. Picha ya damu na kreatinini ni za kawaida. Mama anauliza kama ana lupasi ya maisha, na ananiambia wanatafuta mtoto.

---

Bingwa Ngozi

Kwanza, jaza fomu ya njano ya TMDA (mamlaka ya dawa Tanzania) ya kuripoti madhara ya dawa, uandike tarehe ya kuanza, ya upele na ya kuacha. Pili, mwandikie kwenye kadi yake, kwa herufi kubwa: ASIPEWE TERBINAFINI, ASIPEWE GRISEOFULVINI. Akija na mtoto mwenye mapunye akapewa griseofulvini ya mtoto, dawa hiyo ni ya mtoto tu, wasigawane.

Kuhusu lupasi ya maisha: kwa wengi upele huisha na haurudi wasipoguswa tena na dawa hiyo. Ro mara nyingi hubaki kwenye damu hata ngozi ikiwa safi, na wachache huendelea kuwa na lupasi bila dawa yoyote. Mwone wiki ya 4, ya 8 na ya 12, kisha kila miezi 6 kwa mwaka wa kwanza, kila mara na kijiti cha mkojo, na umuulize viungo, kifua na nywele.

Mtoto anaweza kupata, asikatishwe tamaa. Lakini kwa sababu ya Ro, kliniki ya wajawazito lazima ijue kabla. Kingamwili hizo huvuka kondo la nyuma, na kwa takribani watoto 1 hadi 2 kati ya 100 wa mama wenye Ro, huharibu njia ya umeme ya moyo wa mtoto, mapigo yakashuka. Wengine huzaliwa na upele wa pete unaopona wenyewe ndani ya miezi 6 hadi 8 kingamwili za mama zikiisha. Mapigo ya moyo wa mtoto yafuatiliwe kati ya wiki ya 16 na ya 26, kwa ultrasaundi ya moyo mahali ilipo. Kama atakuwa ameanzishiwa haidroksiklorokwini, asiiache akishika mimba. Ni salama, na hupunguza hatari hiyo ya moyo kwa mama ambaye mtoto wake wa awali aliathirika. Dawa yake mpya ya presha iangaliwe pia: kama ni enalaprili au losartani, ibadilishwe kabla hajashika mimba.